Burton na mto aliotaka ugeuke

Ghuba iliyo mbele ya mji wa Baraka huandikwa katika ramani nyingi Ghuba ya Burton. Jina hilo lilitoka kwa Henry Stanley mwaka 1876, alipolizunguka Ziwa Tanganyika na kukuta kwamba Ubwari ni rasi iliyoshikamana na nchi kavu. Richard Burton na John Hanning Speke, waliopita hapo mwaka 1858, walikuwa wameichora kama kisiwa. Kosa hilo lilikuwa dogo. Kubwa zaidi lilihusu mto, nalo liligombanisha wanajiografia wa London kwa miaka.

Wawili hao walikuwa wakitafuta chanzo cha Nile. Ujiji walisikia kwamba kaskazini kuna mto, Ruzizi, unaotoka ziwani, na Burton akajawa na matumaini. Mwezi wa Aprili wakaingia mitumbwini, wakavuka mpaka Ubwari, wakafuata pwani ya magharibi hadi Uvira. Burton alikuwa hoi, ulimi una vidonda. Pale Uvira wana watatu wa mwami walikuja kuwaona, wakawaambia waziwazi kwamba Ruzizi unaingia ziwani. Wengine waliokuwapo wakasema vivyo hivyo. Wapiga kasia wakakataa kusonga mbele, kwa hiyo Burton hakuuona mlango wa mto kwa macho yake. Lakini katika kitabu chake cha mwaka 1860 aliyaandika maneno ya watu wa Uvira, na aliyapokea kuwa ni kweli.

Mambo yakabadilika kwa sababu ya Speke. Agosti 1858 alikwenda bila Burton hadi ziwa la Nyanza, yaani Victoria, karibu na Mwanza, akatangaza kwamba chanzo ni hapo. Julai 1862 akayaona maji ya Nile yakitoka katika ziwa hilo, mahali ulipo mji wa Jinja leo. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ikamshangilia. Burton akampinga hadharani. Ilipangwa wabishane ana kwa ana mjini Bath tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla, Speke akafa mawindoni kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe. Burton hakunyamaza. Mwaka huohuo akachapa hoja zake: sasa Ruzizi unatoka Tanganyika, unakwenda hadi ziwa la Luta Nzige, yaani Albert, kisha maji hayo yanakuwa Nile.

Kikwazo chake kilikuwa kimo cha ziwa. Wasafiri wa wakati ule walipima kimo kwa kuchemsha maji, kwa sababu kadiri unavyopanda juu kanieneo ya hewa hupungua na maji huchemka kwa joto dogo zaidi, tofauti ya kama nyuzi 1 ya Selsiasi kwa kila mita 300. Kipimajoto cha Speke kililipa Tanganyika futi zipatazo 1,850, yaani mita 560 hivi, chini mno kwa ziwa linalotakiwa kuijaza Nile. Burton akajibu kwamba kipimajoto hicho hakiaminiki. Tumpe haki yake: alisema kweli. Tanganyika iko kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na Albert kwenye mita 620 hivi. Kosa la chini ya nyuzi 1 lilikuwa limelishusha ziwa letu lote kwa mita 200.

Hata hivyo, ubovu wa kipimajoto haukuweza kuugeuza Ruzizi. Mto huo unateremka kutoka Ziwa Kivu, lililo kwenye mita 1,460 hivi. Watu walioishi kando yake walikuwa wamekwisha kumwambia, naye alikuwa amekwisha kuandika. Kinachoniuma katika habari hii ni kwamba ushahidi wao ulitosha mpaka siku mshindani wake aliposhinda. Baada ya hapo ukawekwa kando, kana kwamba mtu wa Uvira hajui maji ya Uvira yanaelekea wapi.

Novemba 1871 Stanley na David Livingstone walipiga kasia hadi mlango wa Ruzizi, wakauona mkondo ukiingia ziwani. Mei 1874 Verney Lovett Cameron akaupata mto unaotoa maji ya Tanganyika: Lukuga, pale ulipo mji wa Kalemie leo. Lukuga unakwenda magharibi hadi Lualaba, na Lualaba ndio Mto Kongo, unaoishia Atlantiki.