Kengele ya getini inalia, skrini nyeusi: anzia wapi kabla ya kununua kamera nyingine?

Kengele inalia saa mbili usiku. Mama yuko peke yake ndani. Anabonyeza kitufe aone nani yuko getini, skrini inabaki nyeusi. Anauliza, "Nani?" Sauti inajibu, "Ni mimi." Na kila anayebisha hodi ni "mimi". Mwishowe anachukua tochi na kutoka, jambo lilelile ambalo kamera ilinunuliwa ili asilifanye.

Kamera za getini zenye skrini ndani sasa zinaonekana hata vijijini, nyingi zikiwa zawadi ya watoto walioko mjini kwa wazazi wao. Zikigoma, ushauri wa kwanza huwa ni kununua nyingine. Subiri kwanza. Kwa zile nilizoziona mimi, kamera yenyewe huwa ya mwisho kufa. Kinachotangulia ni umeme au waya.

Seti ya kawaida ina kifaa cha nje chenye kamera, kitufe na kipaza sauti. Ina skrini ya ndani. Na ina waya unaoviunganisha. Katika seti nyingi za bei ya kawaida, ndani ya waya huo mna nyaya nne ndogo: wa umeme chanya, wa hasi, wa picha na wa sauti. Ukishajua hilo, dalili zinakusaidia. Sauti ipo lakini picha hakuna? Shuku waya wa picha. Picha ipo, sauti hakuna? Waya wa sauti. Vyote havipo na hata taa ya kitufe cha nje haiwaki? Huenda umeme haufiki. Zipo pia seti za nyaya mbili tu, na kwa hizo dalili hazitengani hivi, ila mpangilio wa kutafuta tatizo ni uleule.

Anzia ndani. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile ya skrini uone kama inachaji. Kama soketi ni nzima, tazama adapta. Adapta huchoka, hasa pale umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo. Iliyochoka ina dalili yake: skrini inawaka vizuri, lakini ukibonyeza kufungua kitasa cha geti inazima na kujiwasha upya. Kitasa cha umeme huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na adapta dhaifu inashindwa. Ukinunua nyingine, soma kibandiko cha ile ya zamani: volti ziwe zilezile, ampea ziwe sawa au zaidi. Wanaotumia sola wakumbuke kwamba betri ya volti 12 hupanda kupita volti 14 mchana inapochajiwa, na seti inayotaka volti 15 haitatulia juu ya betri hiyo.

Neno la tahadhari hapa. Umeme wa ukutani ni volti 230 na unaua. Zima swichi kuu kabla ya kugusa muunganiko wowote. Na kama skrini yako imeungwa moja kwa moja na umeme wa ukutani bila adapta, usiifungue. Hiyo ni kazi ya fundi umeme.

Sasa waya. Mama yangu mdogo ana nyumba iliyo kama mita 30 kutoka getini. Masika yalipoanza picha ikawa na mistari, kisha ikapotea. Fundi aliyeitwa alisema kamera imeungua, anunue seti nzima. Nilipokwenda kumsalimia tulifungua kifaa cha nje, tukakileta mezani na kukiunga kwenye skrini kwa kipande kifupi cha waya. Picha ikaja safi kabisa. Mama akajiona kwenye skrini, akajitengeneza kilemba.

Jaribio hilo la mezani ndilo ningependa ulishike kuliko yote. Kabla ya kufungua, piga picha ya nyaya kwa simu yako ili ujue rangi ipi inakwenda wapi, maana kubadilisha chanya na hasi kunaweza kuua kifaa. Kifaa kikifanya kazi karibu na skrini na kigome getini, kosa liko njiani. Kikigoma hata mezani kwa adapta nzima, basi zungumza habari za kununua.

Kosa la mama lilikuwa kwenye kiungio kilichofukiwa ardhini, kimefungwa mfuko wa nailoni. Maji yaliingia, shaba ikageuka unga wa kijani. Kiungio kama kinalazimika kuwepo, kiwe juu ya ardhi ndani ya kasha lisilopitisha maji. Mbali na maji kuna panya, jembe, na sisimizi wanaojenga ndani ya kifaa cha nje kwa sababu kuna joto.

Unene wa waya nao una neno. Waya mwembamba kama ule wa simu za mezani, kwa mita 30, umeme unasafiri mita 60 kwenda na kurudi, na volti moja na nusu au zaidi zinapotea njiani. Ndiyo sababu picha hufaa mchana na kuyumba usiku, pale taa za kamera zinapowaka na kuhitaji umeme zaidi. Dukani, kwangua ncha ya waya kwa kisu. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa tu. Inapoteza umeme zaidi na inakatika upesi.

Picha ya usiku ikiwa nyeupe kama ukungu, futa kioo na uondoe utando wa buibui kwanza. Ikiwa nyeusi, elekeza kamera ya mbele ya simu yako kwenye kifaa gizani. Simu nyingi huona mwanga ambao jicho halioni: vidoa vya zambarau vikionekana, taa za usiku zinafanya kazi.

Kwa seti zinazotuma picha kwenye simu kupitia intaneti, kumbuka kwamba skrini iliyoungwa kwa waya huendelea kulia hata bando likiisha. Kinachokatika ni taarifa ya yule aliye mjini. Mara nyingi tatizo hilo huanza siku neno la siri la ruta lilipobadilishwa na kamera haikuambiwa. Au simu yenyewe, katika kubana betri, imeizima programu ya kamera. Na kama ulinunua seti iliyotumika, ifute na kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, kisha weka neno lako la siri. Usipofanya hivyo, mwenye seti wa kwanza anaweza kuendelea kuona kila anayeingia na kutoka getini kwako.