Gari Humaliziwa Gerezani

Waingereza walipoiteka Dar es Salaam Septemba 1916 walikuta jengo la soko lililojengwa na Wajerumani, wakaligeuza kambi ya kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps. Wenyeji walilitamka jina hilo kwa ulimi wao, na Kariakoo ikapata jina. Kikosi hicho kilihitajika kwa sababu magurudumu yalikuwa yameshindwa. Malori yalizama kwenye matope ya Rufiji, farasi na nyumbu wa mizigo wakauawa na mbung'o, mzigo ukahamia vichwani mwa watu, na makumi ya maelfu ya watu hao hawakurudi makwao. Mtaa ambao leo unauza springi, shokapu na injini umebeba kumbukumbu ya siku ambazo gari la Ulaya lilishindwa na ardhi ya hapa. Naanzia hapo kwa makusudi. Kuna wanaoamini kwamba kazi ya kuongezea magari nguvu na kimo, inayofanywa katika mitaa ya Gerezani na Kariakoo na kando ya bonde la Jangwani, ni fasheni ya juzi iliyoletwa na vijana wapenda mbio na rimu za kung'aa. Nasema ina umri mkubwa kuliko fasheni hiyo, na chanzo chake ni kingine: gari linaposhushwa bandarini huwa bado halijakamilika, na fundi wa hapa ndiye anayelimalizia.

Ushahidi wa mwanzo ulionekana mbele ya umati. Mwaka 1953 yalianza mashindano ya magari yaliyozunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, yakiitwa Coronation Safari kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Katika miaka ya mwanzo magari yaligawanywa katika madaraja kwa bei yake, na yalitakiwa kukimbia yakiwa karibu kama yalivyotoka dukani. Ardhi ilitoa hukumu yake upesi. Matope, makorongo na vumbi viliyaondoa magari mengi kabla ya mwisho, na waliojifunza haraka walikuwa wale walioishi na barabara hizo mwaka mzima. Mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiendesha Peugeot 404 pamoja na msoma ramani wake Chris Rothwell. Hiyo 404 ilikuwa gari la familia na la teksi ambalo Afrika Mashariki nzima ililijua, na madereva mabingwa waliotumwa na kampuni tajiri za Ulaya walirudi bila ushindi. Kwangu ushindi huo unaonyesha kwamba kujua gari litavunjikia wapi, na kupaimarisha mahali hapo mapema, kuna thamani kuliko mwendo mtupu. Maarifa hayo ndiyo mtaji wa gereji yoyote ya Gerezani.

Lakini ufundi wenyewe ulikomazwa na uhaba, na hapa nataka kukaa kidogo. Mwaka 1974 liliundwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, likabebeshwa abiria wa jiji zima. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Mwaka uliofuata ikaja vita ya Kagera, kisha bei ya mafuta ikapanda duniani na fedha za kigeni zikakauka. Basi lililokosa spea lilibaki limeegeshwa. Katika hali hiyo fundi hakuwa na nafasi ya kuuliza kama kifaa ni cha gari lile au la. Aliuliza kama chuma kitashika. Alichukua majani ya springi kutoka gari bovu akayafunga kwenye gari zima, akachonga bushi kwenye mashine ya kukerezea, akapandikiza injini ya ukoo mmoja kwenye bodi ya ukoo mwingine. Serikali iliporuhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria mwaka 1983, jiji lilijaa kazi ya mikono hiyo. Waliokuwa Dar es Salaam miaka ya 80 wanaikumbuka chai maharage: gari la mizigo lililofungwa mabenchi ya mbao na paa juu, abiria wakiketi wakitazamana. Lile lilikuwa gari lililobadilishwa kazi kuanzia springi hadi bodi, na liliwafikisha watu kazini wakati hapakuwa na lingine.

Mtu makini atapinga hapa. Atasema kwamba hayo yote ni kutengeneza kwa dhiki, na kwamba kuboresha ni jambo la mwenye chaguo. Ni pingamizi la haki, lakini linategemea mpaka ambao gereji haiujui. Fundi anapokosa springi ya kiwandani na kulazimika kuweka nyingine, hachagui dhaifu. Akipata yenye jani moja zaidi ataifunga, kwa sababu ameona ya kwanza ilivyokatika. Matengenezo na maboresho hukutana papo hapo. Tazama pia upande wa pili wa dunia. Kampuni ya ARB ya Australia, ambayo leo bampa na shokapu zake hufungwa kwenye magari ya porini katika nchi nyingi, ilianzishwa mwaka 1975 na mtu aliyekuwa amesafiri nyika za kaskazini mwa nchi yake akaona vifaa vilivyofungwa kwenye magari vikivunjika njiani. Sababu ni ileile ya Gerezani: umbali mrefu na barabara katili. Kilichotofautiana ni mkopo wa benki, michoro ya vipimo na jina la biashara.

Kisha ukaja wakati wa kuchagua. Bajeti ya mwaka 1984 iliwaruhusu wafanyabiashara kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa zilikotoka, na chini ya Rais Mwinyi mlango ulifunguka zaidi. Magari yaliyotumika Japani yalifaa kwa sababu nako usukani uko kulia, na nyuma yake yakaja makontena ya spea za mtumba zilizojaza maduka ya Gerezani. Hata hivyo gari dogo la Japani limesanifiwa kwa lami nyororo. Ndiyo maana mwenye Toyota IST hupeleka gari lake kuwekewa spesa juu ya springi linyanyuke, na mwenye Land Cruiser ya injini ya 1HZ, yenye nguvu za kuvuta lakini isiyo na tabo, hutafuta fundi wa kuifungia tabo. Mvua ikinyesha Jangwani, pale Mto Msimbazi unapovuka kingo na kufunga barabara ya Morogoro, kila mtu anaelewa maana ya sentimita tatu za ziada.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama, nami silipunguzi. Gari lililonyanyuliwa huyumba zaidi kwenye kona, na sivi jointi zake hufanya kazi kwa pembe ambayo hazikupangiwa. Nguvu ikiongezwa bila kuongezwa breki, mauti yanakaribishwa. Springi zikikazwa, mwenye lori hushawishika kuzidisha mzigo. Taa kali za kuongezea humpofusha anayekuja mbele. Soko la mtumba nalo limewahi kupitisha vioo na taa zilizonyofolewa usiku kwenye magari ya watu, jambo linalowaumiza mafundi waaminifu kuliko mtu mwingine yeyote. Madhara haya yanatokana na kazi kufanywa bila kipimo na bila anayeikagua. Dawa yake ni vipimo na ukaguzi, si marufuku, kwa sababu kazi ikifukuzwa mjini itafanyika uchochoroni ambako haionekani kabisa.

Na hapo nina ombi. Mamlaka ya ufundi stadi, VETA, inafundisha umekanika, lakini maarifa ya kubadilisha springi, kupandikiza injini na kunyanyua gari yanapita kutoka kwa fundi kwenda kwa mwanafunzi wake kwa macho na mikono tu. Wazee waliofunga bodi za chai maharage wanaondoka, na bonde la Msimbazi linapangwa upya. Wakufunzi wa VETA na wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waende Gerezani na daftari, futi na kamera, wayaandike mambo haya kwa majina na vipimo vyake wakati walioyaanzisha wangali hai.