Ndege ya kwanza ya betri: Tabia yake ni muhimu kuliko sura yake

NDEGE ndogo ya betri inayoongozwa kwa rimoti yaweza kununuliwa jioni, ikachajiwa usiku, ikarushwa asubuhi na kufikia adhuhuri ikawa vipande vya povu ndani ya gunia. Kisa na maana, aliyeinunua aliichagua kwa macho. Aliona mfano wa ndege ya kivita yenye mabawa mafupi na rangi za kupendeza, akasahau kwamba hata marubani wa ndege halisi za kivita huanza mafunzo yao kwa ndege pole.

Hasara yenyewe si haba. Seti kamili ya aina bora hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi. Isitoshe, chombo chenye uzani wa nusu kilo au zaidi, kinachokwenda kwa kasi huku rafadha yake ikizunguka maelfu ya mara kwa dakika, si kikaragosi cha kuchezea sebuleni. Kinaweza kumjeruhi mtu. Ndiposa ni muhimu kwa mwanagenzi, awe kijana wa shule au mzee aliyestaafu, kufahamu anachokinunua na namna ya kukirusha kabla ya kutoa pesa zake.

MAANA YA 'TAYARI KURUKA'

Kwenye boksi la ndege za aina hii huchapishwa herufi RTF. Maana yake ni kwamba ndani ya boksi mna kila kitu: ndege, rimoti, betri na chaja. Mnunuzi hufunga mabawa na mkia kwa skrubu chache, akachaji betri na kuwa tayari. Herufi BNF humaanisha kuwa rimoti haimo, ilhali ARF humaanisha kuwa mnunuzi atajitafutia rimoti, betri na mara nyingine hata mota. Kwa mwanagenzi asiyekuwa na kifaa chochote, bei ya chini ya boksi la BNF au ARF ni mtego, kwani atakavyolazimika kuongeza huenda vikazidi tofauti hiyo ya bei.

Usahili huu haukupatikana kwa siku moja. Mnamo Juni 30, 1957, Kanali H. J. Taplin wa Uingereza alirusha ndege yake, Radio Queen, iliyoendeshwa kwa mota ya umeme na kuongozwa kwa redio. Hata hivyo, kwa miongo kadhaa baadaye betri zilikuwa nzito mno, na wapenzi wengi wa ndege hizi walitumia injini ndogo za mafuta zenye kelele na moshi. Mambo yalibadilika katika miaka ya 2000, betri nyepesi za lithiamu-polima zilipoenea. Katika kipindi hicho hicho rimoti za mawimbi ya gigahezi 2.4 zilishika nafasi ya zile za zamani, ambazo watu wawili wakitumia chaneli moja ya redio uwanjani, ndege ya mmoja wao au zote mbili zingeanguka.

SIFA ZA NDEGE YA MWANAGENZI

Sifa ya kwanza ni mahali mabawa yalipo. Ndege ya kujifunzia huwa na mabawa juu ya kiwiliwili, na ncha zake huinuka kidogo mithili ya herufi V iliyotanuka. Ndege kama hiyo ikilala upande, huanza kuteleza kuelekea bawa lililo chini, nalo bawa hilo hupata nguvu zaidi ya kuinuka. Matokeo ni kwamba ndege hujirudisha sawa yenyewe endapo aliyeshika rimoti ataacha vijiti. Ndege ya kivita haina hisani hiyo. Ikilazwa, hubaki imelala hadi ilazwe upande wa pili.

Sifa ya pili ni ukubwa. Kwa uwanja wa wazi, upana wa mabawa wa kati ya mita 1 na mita 1.5 unafaa zaidi. Ndege ya sentimita 40 au 50 haiumii sana ikianguka kwa sababu ni nyepesi, na inafaa ndani ya ukumbi mkubwa, lakini upepo kidogo tu huipeleka utakako. Aidha, ndege ndogo huwa nukta angani upesi, na mwanagenzi asiyeona mabawa yake hawezi kujua inaelekea wapi.

Sifa ya tatu ni mahali mota ilipo. Ndege kama Multiplex EasyStar ya Ujerumani na HobbyZone AeroScout zina rafadha nyuma ya mabawa badala ya puani. Ikianguka kwa pua, kinachogonga ardhi ni povu, si mota. Mifano inayofuata umbo la ndege halisi, kama vile Piper Super Cub inayotumiwa katika doria za wanyamapori huko Tsavo, huwa na rafadha mbele. Pia ni pole na hufunza vyema, ila mwenyewe sharti awe na rafadha za akiba.

Sifa ya nne ni malighafi. Povu linaloitwa EPP na lile la EPO hupindika na kurudi, na likivunjika huunganishwa kwa gundi. Povu jeupe la EPS, linalofanana na lile la kupakia runinga, humeguka kwa urahisi. Zaidi ya hayo, gundi ya kawaida ya kukauka haraka huliyeyusha.

Tano ni idadi ya chaneli, yaani mienendo ambayo rimoti inaweza kuongoza. Chaneli tatu zatosha: nguvu ya mota, kibawa cha mkia kinachoinua na kushusha pua, na usukani wa mkia unaogeuza ndege kushoto na kulia. Ndege ya chaneli mbili, inayogeuka kwa kutofautisha kasi ya mota zake mbili, haimpi mwanagenzi uwezo wa kuinua pua anapotua. Chaneli ya nne, ya vibawa vya kulaza ndege ubavu, yaweza kusubiri. Seti nyingi za siku hizi zina pia kifaa cha elektroniki cha kusawazisha ndege kinapohisi imeinama kupita kiasi. Kifaa hicho ni msaada mkubwa, mradi mwanagenzi asikifanye badala ya kujifunza.

HEWA YA NYANDA ZA JUU

Jambo ambalo mnunuzi wa Kenya anapaswa kulizingatia ni mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko Mombasa. Ili mabawa yale yale yabebe uzani ule ule, ndege inahitaji kwenda kasi zaidi kwa takriban asilimia 9. Eldoret, kwenye mita 2,100 hivi, hewa imepungua kwa karibu asilimia 19.

Kwa hivyo ndege iliyo nzito kidogo pwani huwa nzito zaidi bara. Mkaazi wa nyanda za juu achague ndege nyepesi yenye mabawa mapana, na asiongeze uzani kwa mapambo au kamera. Pia asishangae ndege yake ikitua kwa kasi kuliko alivyoona katika video zilizopigwa nchi za tambarare.

BETRI NI MOTO

Seli moja ya lithiamu-polima ina volti 3.7 za wastani. Ikijaa hufika 4.2, na ikishuka chini ya 3.0 huharibika. Betri yenye maandishi 3S ina seli tatu, hivyo volti 11.1. Maandishi mAh hueleza akiba yake. Betri ya mAh 1,300 ikitumiwa na mota inayofyonza wastani wa ampea 8 ingekwisha kwa dakika zipatazo 10. Kwa kuwa haifai kumalizwa, mwanagenzi aweke saa ilie baada ya dakika 6 au 7, kisha atue.

Kanuni ya kuchaji ni nyepesi. Betri ya mAh 1,300 huchajiwa kwa ampea 1.3, ile ya 2,200 kwa ampea 2.2. Chaja iwe ya lithiamu-polima na yenye kusawazisha seli. Betri isichajiwe juu ya kitanda, zulia au kochi, wala isiachwe ikichajiwa watu wakiwa wamelala au wametoka. Iliyovimba au kutoboka isitumiwe tena, kwani inaweza kulipuka moto ambao ni mgumu kuuzima. Ikiwa haitatumiwa kwa siku kadhaa, ihifadhiwe ikiwa na volti 3.8 hivi kwa kila seli, si ikiwa imejaa. Kwa msafiri anayeleta ndege kutoka ng'ambo, betri za akiba husafirishwa katika mkoba wa mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa, si katika mzigo unaowekwa tumboni mwa ndege.

UWANJA NA SHERIA

Tangu mwaka wa 2020 Kenya ina kanuni za vyombo vya angani visivyo na rubani, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini, KCAA. Kanuni hizo zinahitaji kibali cha kuingiza chombo nchini, zinaweka kikomo cha futi 400 kwenda juu na zinazuia urushaji karibu na viwanja vya ndege bila idhini. Mitaa mingi ya Nairobi iko karibu na kiwanja cha Jomo Kenyatta, cha Wilson au kambi ya kijeshi ya Eastleigh. Ni busara kuiuliza Mamlaka kabla ya kuagiza chombo chochote, maadamu kifaa kikizuiliwa kwenye forodha, pesa huwa zimekwisha kulipwa.

Uwanja wenyewe uwe na nyasi na upana usiopungua viwanja viwili vya kandanda, mbali na barabara, nyaya za umeme, mifugo na watoto wanaocheza. Wakati bora ni alfajiri hadi saa tatu asubuhi, kabla jua halijachochea upepo. Pwani, upepo wa bahari huvuma alasiri, iwe ni majira ya kaskazi au ya kusi. Ikiwa majani ya miti yanatikisika mfululizo, siku hiyo si ya mwanagenzi.

SAFARI YA KWANZA

Kabla ya kwenda uwanjani, mwanagenzi ajizoeze kwa programu ya kompyuta ya kuigiza urukaji. Saa chache za kuanguka kwenye skrini hazigharimu chochote. Aidha, ahakikishe kitovu cha uzani kiko mahali kilipoonyeshwa kwenye kijitabu. Ndege ikiinuliwa kwa vidole viwili chini ya mabawa mahali hapo, pua iinamie mbele kidogo tu. Ndege yenye mkia mzito haiongozeki.

Rimoti huwashwa kwanza, kijiti cha nguvu kikiwa chini kabisa, ndipo betri ya ndege iunganishwe. Baada ya kutua, betri ya ndege hutolewa kwanza, ndipo rimoti izimwe. Atakayegeuza mpangilio huo anaweza kushtukia rafadha ikizunguka mikononi mwake. Kisha vibawa vyote vikaguliwe kama vinasogea upande unaotakiwa.

Ndege hurushwa kwa mkono dhidi ya upepo, ikiwa imelala sambamba na ardhi, si ikielekezwa mawinguni. Msaidizi airushe, mwenye rimoti abaki na mikono yake miwili kwenye vijiti. Ipande taratibu hadi mita 30 au 50 kabla ya kugeuzwa. Kosa likitendeka kwenye kimo hicho, kuna nafasi ya kulirekebisha. Kwenye mita 5 hakuna. Vijiti visogezwe kidogo na kuachwa. Wengi huangusha ndege kwa kuvishika kwa nguvu na kuvivuta hadi mwisho. Wengine huvuta pua juu wanapoogopa, ndege ikapunguza kasi hadi mabawa yakashindwa kuibeba. Dawa ni kulegeza, kuacha pua ishuke na kasi irudi.

Ugumu mkubwa hutokea ndege inapogeuka na kumkabili anayeirusha, kwani kushoto kwake huwa kulia kwa ndege. Kuna njia rahisi ya kukumbuka: ndege ikimjia, asogeze kijiti upande wa bawa lililoinama, kana kwamba analiwekea nguzo. Kutua nako hufanywa dhidi ya upepo, mota ikipunguzwa kidogo kidogo na pua ikiinuliwa taratibu karibu na nyasi. Endapo ataona hakuna namna ila kuanguka, ashushe kijiti cha nguvu hadi chini kabla ndege haijagusa ardhi. Mota inayolazimishwa kuzunguka huku rafadha imekwama kwenye udongo huungua.

Baada ya kuanguka, betri itolewe na kuangaliwa kabla ya kitu kingine chochote. Povu la EPO lililobonyea hurudi likimwagiwa maji ya moto, na lililovunjika huunganishwa kwa gundi isiyokula povu. Nyufa zikaguliwe pale mabawa yanaposhikana na kiwiliwili, na kitovu cha uzani kipimwe upya.

Mwanagenzi atajua yu tayari kwa ndege ya pili, yenye chaneli nne, atakapoweza kuchora nambari nane angani kwa pande zote mbili bila kupanda wala kushuka, na kutua mahali alipokusudia mara kadhaa mfululizo. Hadi wakati huo, ile ndege ya kivita yenye rangi za kupendeza na ibaki dukani.