Salme na mfupa wa ngamia

Njia ya kwenda Bububu inapita kwenye magofu ya kasri la Mtoni. Wengi wetu tumepita hapo mara chungu nzima bila hata kugeuza shingo. Ndipo alipozaliwa Salme, mwaka 1844. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan. Mama yake, Jilfidan, ni suria Mcherkesi aliyetekwa kwao na kuingia nyumba ya Sayyid akiwa bado mtoto mdogo.

Sisi tuliosoma chuoni tuliandika na kufuta tukitakacho. Zama za Salme, watoto wa kike wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika kulikuwa kwa kaka zao. Basi akatafuta mfupa wa bega la ngamia, akawa ananakili herufi za Msahafu kwa siri, mpaka mkono ukazoea. Ilipojulikana alilaumiwa sana. Hakujali.

Mwaka 1866 aliondoka Unguja akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani. Mwaka uliofuata, huko Aden, akabatizwa na kuolewa, kisha wakahamia Hamburg. Suala la dini linatuuma, hatufichi. Hesabu yake iko kwa Mola wake. Mumewe alikufa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo.

Hao watoto ndio sababu ya kitabu. Alianza kuwaandikia wajue mama yao alikotoka. Mwaka 1886 maandishi hayo yakachapishwa Berlin kwa Kijerumani, lugha aliyojifunza ukubwani, na 1888 yakatoka kwa Kiingereza. Mjane asiyejulikana kama mwandishi akawa anasomwa hadi Marekani. Na alikuwa na ya kusema: tausi, paa na mbuni waliozurura uani Mtoni, baba akitembea barazani huku akitazama bahari, hamamu, nguo za Idi, wivu wa wake na masuria. Mabalozi wa Kizungu waliandika mengi kuhusu Unguja, lakini huko ndani hawakuruhusiwa kuingia.

Kuna kurasa zinazotukera. Salme alitetea utumwa, yeye ambaye mama yake alitekwa. Vijakazi waliomwogesha na kumsuka nao walikuwa na utoto wao, wengine katika ua ule ule wa Mtoni. Wa kwao hatuna kitabu chake.