Majina ya Utawala wa Mji: Tanga, Tangu Zama za Majumbe Hadi Halmashauri ya Jiji

Historia ya utawala katika miji ya pwani aghalabu imeandikwa kwa kufuata watawala wakubwa: Sultani wa Unguja, Gavana wa Wadachi, Gavana wa Waingereza, na hatimaye serikali ya taifa. Njia hiyo ina faida yake, lakini huacha nyuma jambo lililo kubwa kwa mkazi wa mji. Mkazi huyo hakumjua gavana. Alimjua mtu aliyemdai kodi, aliyemwonyesha mahali pa kuuzia samaki, aliyeamua ugomvi wa mpaka wa kiwanja, na aliyemwamuru afyeke majani mbele ya mlango wake. Machoni pa watu shughuli hizo ndogo ndizo utawala wenyewe. Sheria zilizoziongoza zimebadilika mara nyingi, na nyingi ziliandikwa kwa lugha za kigeni. Majina ya shughuli na ya watendaji wake yamebaki katika Kiswahili. Kwa hiyo mwenye kuyachungua majina hayo huona mambo ambayo sheria peke yake haiyaonyeshi. Mji wa Tanga wafaa kuwa mfano, kwa kuwa umepitia kila namna ya utawala iliyofika Mrima.

Katikati ya karne ya 19 Tanga ulikuwa mji mdogo wa biashara, na mambo yake yalikuwa mikononi mwa majumbe, ambao pia waliitwa madiwani. Chini yao walikuwapo wenye vyeo kama shaha, waziri na mwinyi mkuu, kila mmoja na heshima yake na ada yake. Wakuu hao walitazama pande mbili. Upande wa bara kulikuwa na Vuga, makao ya Wakilindi, ambako Kimweri ye Nyumbai alitawala hadi kufa kwake mwaka 1862. Upande wa bahari kulikuwa na Unguja. Sultani aliweka liwali na askari wachache, na forodha yake ilikodishwa kwa matajiri wa Kihindi. Lakini kesi za ndoa, madeni, mashamba na ugomvi wa mitaa zilikwisha barazani kwa jumbe, au kwa kadhi ikiwa zahusu sheria ya dini.

Utawala huo usisifiwe kupita kiasi. Ulikuwa utawala wa waungwana. Mtumwa na mgeni hawakuwa na sauti ndani yake. Hata hivyo ulikuwa na kizuizi kimoja cha maana: jumbe alikaa mtaani miongoni mwa wale aliowatoza. Ada aliyoipokea ilijulikana, na karamu aliyopaswa kuitoa ilijulikana vilevile. Tangazo lilipotolewa, mbiu ya mgambo ilipigwa mji mzima usikie, wala hakuna aliyeweza kusema kwamba amri ilifanywa kwa siri.

Neno diwani lenyewe lina safari ndefu. Lilitoka katika Kiajemi, likapitia Kiarabu, likiwa na maana ya daftari, kisha ofisi au baraza la serikali, na pia mkusanyo wa mashairi, maana ambayo Kiswahili kinayo mpaka leo. Watu wa Mrima walilitwaa jina la baraza wakampa mtu. Yaonekana kwamba kwao baraza halikuwa nyumba wala daftari, bali yule mtu aketiye na kusikiliza maneno ya wenziwe.

Mwaka 1888 Sultani Khalifa alilikodisha eneo la pwani kwa kampuni ya Wadachi, na vita vikazuka mwaka uleule. Baada ya vita hivyo, kuanzia mwaka 1891, serikali ya Wadachi ilitawala yenyewe. Tanga ukageuka upesi. Ujenzi wa reli ulianza mwaka 1893, na mwaka huohuo mkonge uliletwa nchini. Mji ukajaa makarani, mafundi, wapagazi na vibarua wa makabila mengi, na mambo yake yakawa mengi kuliko yale ambayo baraza la jumbe lingeweza kuyamaliza.

Wadachi hawakuja na maneno mapya ya utawala. Waliyachukua yale waliyoyakuta wakayageuza. Akida ndiye mfano ulio wazi. Kwa desturi ya Mrima akida alikuwa kiongozi wa vijana, katika ngoma na katika vita. Chini ya Wadachi alikuwa mtumishi wa mshahara, aliyewekwa juu ya majumbe wa eneo lake, mwenye kazi ya kukusanya kodi, kutafuta watu wa kazi na kuhukumu kesi ndogo. Jina lilibaki, lakini aliyempa cheo hakuwa tena kijana mwenzake bali bwana wa boma. Maakida wengi walipelekwa mbali na kwao, na katika nchi za kusini chuki juu yao ilikuwa sababu mojawapo ya Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Jumbe naye alishushwa: kutoka mkuu wa mji akawa mjumbe wa amri za wengine.

Kodi ya vibanda iliamriwa mwaka 1897. Kibanda cha shamba kilitozwa rupia 3, na nyumba za mjini zilitozwa kwa kadiri ya ukubwa na thamani yake. Hapo ndipo neno kodi lilipobeba mzigo wa pili. Mjini kodi ilikuwa malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba. Sasa mwenye nyumba naye akadaiwa kodi, kana kwamba amekuwa mpangaji wa serikali katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Lugha imeziweka maana zote mbili bega kwa bega mpaka leo.

Jambo jingine la zama hizo ni maandishi. Hapo kwanza wakuu wa pwani waliandikiana kwa herufi za Kiarabu, na Büttner alizichapisha baadhi ya barua za namna hiyo mwaka 1892. Mwaka huohuo shule ya serikali ilifunguliwa Tanga, nayo ikatoa makarani, waalimu na maakida walioandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini. Gazeti la Kiongozi lilipigwa chapa mjini humo. Hata mkuu wa boma, Walter von St. Paul Illaire, ambaye ulimwengu wamkumbuka kwa ua la Usambara lililopewa jina lake, alikuwa ametunga kitabu cha kufundishia Kiswahili mwaka 1890. Neno shauri likaingia katika Kidachi chenyewe, kwa maana ya kikao ambapo mkuu wa wilaya husikiliza madai ya watu. Lakini lilipoingia lilipungua. Kwa Mswahili, shauri ni la wawili au zaidi wanaotafuta neno moja; katika boma, shauri lilikuwa la mmoja, na wengine walingoja jibu. Mabaraza ya wilaya yalipoanzishwa, sauti kubwa ilikuwa ya walowezi na matajiri wa Kizungu.

Waingereza waliuteka mji mwezi wa Julai mwaka 1916. Sheria ya miji ya mwaka 1920 iliweka mamlaka ya mji ambayo wajumbe wake waliteuliwa, chini ya ofisa wa serikali. Mwaka 1926 Gavana Cameron alitunga sheria ya kuwatawala watu kwa wakuu wao wa kikabila. Sheria hiyo ilikuwa na shida mjini. Tanga walikaa Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wasegeju, Waarabu, Wahindi, na manamba wa mashamba ya mkonge waliotoka mbali. Ni mkuu yupi wa kabila angewaamua wote? Kwa hiyo liwali aliendelea na mahakama yake, na mambo mengine yakaangukia ofisi. Hapo ndipo watu walipowajua watendaji wapya kwa kazi zao: bwana afya aliyekagua vyoo na kumwaga maji yaliyotuama, karani wa soko aliyekata tiketi za ushuru, wazoa taka waliopita alfajiri. Marehemu Shaaban Robert alikuwa mmoja wa watumishi wa ofisi ya serikali ya wilaya mjini Tanga baada ya mwaka 1946. Si ajabu basi kwamba haki na wajibu wa mtawala ni mambo yaliyorudi mara kwa mara katika maandiko yake.

Sheria ya mwaka 1953 ilifungua mlango wa mabaraza ya miji yenye madaraka zaidi, na uchaguzi ukafuata. Aliyechaguliwa na watu wa mtaa wake kwenda barazani aliitwa nani? Aliitwa diwani. Jina lililokuwa limelala likaamshwa, na kwa mara ya kwanza likabeba maana ya mtu anayeweza kuondolewa na wale waliompa. Mwaka 1963 vyeo vya machifu vilifutwa kisheria, na maliwali na majumbe nao wakatoka. Hata hivyo shina la neno liwali lingali hai katika neno wilaya, na jirani ya neno jumbe ni mjumbe, jina la kila aketiye katika kamati.

Miaka ya baadaye ilitoa ushahidi ambao hakuna mwanahistoria angeutaka. Mwaka 1972 serikali ilianzisha mpango wa madaraka mikoani. Halmashauri za wilaya zilivunjwa, na mabaraza ya miji yakafuata punde. Nia iliyotajwa ilikuwa kuyasogeza madaraka karibu na watu. Lakini waliokuja walikuwa watumishi wa serikali kuu, waliotoa hesabu kwa wakubwa wao. Katika miji ya nchi taka zilirundikana, mitaro ikaziba, barabara zikaharibika. Na kipindupindu kilipoenea mwaka 1977 na 1978, gharama ya kukosa mwenye mji ilihesabiwa kwa roho za watu. Mwaka 1978 sheria ilitungwa ya kuyarudisha mabaraza ya miji, na sheria za mwaka 1982 zikaweka mfumo ambao msingi wake unatumika mpaka leo.

Tanga ulipewa hadhi ya jiji mwaka 2005. Madiwani huchaguliwa katika kata, nao humchagua meya miongoni mwao. Mkurugenzi huteuliwa na serikali kuu. Mgawanyo huu unakumbusha liwali na jumbe: mmoja ametumwa kutoka juu, mwingine ametoka mtaani. Kodi nayo imesogea mbali. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003. Ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa mamlaka ya mapato ya taifa mwaka 2016, na tangu mwaka 2021 hulipwa pamoja na umeme. Mlipaji hamwoni tena mpokeaji, wala hana wa kumwuliza mlangoni mtaro wake utazibuliwa lini.

Neno la mwisho na liwe mgambo. Zamani mgambo ulikuwa tangazo la wote, nao wahenga walisema la mgambo likilia kuna jambo. Leo kwa mchuuzi wa barabarani mgambo ni mtu mwenye rungu, anayekuja kumwondoa na meza yake. Neno halikuharibiwa na waandishi wa kamusi. Limefuata kazi iliyopewa. Vivyo hivyo diwani limekuwa daftari, mkuu, kisha mteule wa watu, kwa kadiri baraza lilivyofungwa au kufunguliwa. Katika kila zama watu wa Tanga walimpa mtawala jina kwa jinsi walivyomwona akifanya kazi, na swali lililo nyuma ya majina hayo yote ni moja: mwenye kutoza atoa hesabu kwa nani?