Watoto wa Pemba Waliobadilisha Kanuni ya Dunia

Mara nyingi tunazungumzia chakula cha mtoto. Leo tusimuliane historia ya kwetu visiwani, ambayo wengi wetu hatukuisikia ingawa ilifika mpaka Geneva.

Tunarudi Pemba, miaka ya 1990. Watoto wadogo wengi walikuwa na upungufu wa damu. Malaria ilikuwepo mwaka mzima, minyoo ya safura ilinyonya damu, na chakula chao kilikuwa na madini machache ya chuma. Wakati huo kanuni ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ilikuwa nyepesi: palipo na upungufu mkubwa wa damu, watoto wote wadogo wapewe chuma na asidi ya foliki, bila kumpima kila mmoja. Nani angepinga? Damu imepungua, basi iongezwe.

Mwaka 2000 Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri ilifunguliwa Wawi, Chake Chake. Mwaka 2002 ukaanza utafiti mkubwa wa kuipima kanuni ile. Watoto zaidi ya 24,000, wa umri wa mwezi 1 hadi 35, walishiriki. Wengine walipewa chuma na asidi ya foliki kila siku, wengine madini ya zinki, wengine vidonge visivyo na dawa, ili ilinganishwe.

Tarehe 19 Agosti 2003 sehemu ya chuma ilisimamishwa kabla ya wakati wake. Hesabu zilionyesha kuwa watoto waliopewa chuma walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufariki au kulazwa hospitali. Kitu kilichotolewa kwa nia njema kilikuwa kinawadhuru baadhi yao.

Utafiti kama huo ulifanywa pia Nepal, mahali pasipo na malaria kama ya kwetu, na madhara hayo hayakuonekana. Tena hapa hapa Pemba, katika kundi dogo lililopimwa damu na kufuatiliwa malaria kwa karibu, watoto waliokosa chuma kweli walinufaika. Kwa hiyo chuma si adui. Hatari ilikuwa kumpa kila mtoto bila kupima, huku malaria haijadhibitiwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, na WHO pamoja na UNICEF wakabadilisha ushauri wao kwa nchi zenye malaria nyingi. Mwongozo wa mwaka 2016 unasema chuma kitolewe huko pamoja na kinga, vipimo na matibabu ya malaria. Zanzibar nayo, kuanzia 2003, ilileta dawa mseto, kisha vyandarua vyenye dawa vikasambazwa, na malaria ikapungua sana, alhamdulillah.

Tunachojifunza ni kwamba mpango mzuri wa afya ni ule unaokubali kuhesabu matokeo yake na kusimama unapoona madhara. Na nyuma ya kila hesabu kulikuwa na mama aliyekubali mwanawe aandikwe.

Kwa hiyo dada yetu, ukimwona mtoto amepauka na kulegea, usikimbilie dukani kununua dawa ya kuongeza damu. Mpeleke kituo cha afya apimwe damu, malaria na minyoo. Alale ndani ya chandarua, anyonye, na akifika miezi sita aongezewe dagaa, maharage, mayai na mchicha. Na wewe mjamzito, kisa hiki hakihusu vidonge vyako vya kliniki: endelea kuvimeza kama ulivyoelekezwa.

Tuwaombee dua watoto wale wa Pemba na mama zao. Kwa sababu yao, watoto wa nchi nyingi leo wanapewa dawa kwa uangalifu zaidi.