Chipu ya SID na wachoraji wa bodi waliojitolea

Ukisikia neno "sintesaiza", huenda unawaza kinanda cha kwaya. Kwa ndani, ni saketi inayotengeneza mawimbi ya umeme, kisha spika inayageuza kuwa sauti. Kwenye kompyuta ya Commodore 64, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1982, kazi hiyo yote ilibanwa ndani ya chipu moja yenye miguu 28, iitwayo SID. Mbunifu wake, Bob Yannes, aliipa sauti tatu zinazojitegemea pamoja na kichujio. Baadaye alishiriki kuanzisha Ensoniq, kampuni ya ala za muziki za kielektroniki.

Commodore ilifilisika mwaka 1994, na SID mpya hazikutengenezwa tena. Ungedhani hadithi inaishia hapo. Kumbe wapi!

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mjerumani Thorsten Klose aliweka hadharani mradi wa MIDIbox SID: michoro pamoja na programu, ili yeyote ajitengenezee sintesaiza kwa matumizi yake mwenyewe, si kwa biashara. Maikrokontrola inapokea noti kutoka kwenye kinanda, kisha inaiamuru SID ipige.

Lakini mchoro wa saketi si bodi. Mchoro unakuambia nini kinaungana na nini. Kwenye bodi, kila njia ya shaba lazima ipitishwe mahali bila kugusa nyingine, na laini ya sauti ikae mbali na laini za kidijitali, la sivyo utasikia mvumo. Hiyo ni kazi ya jioni nyingi, na waliifanya watu wenye ajira zao nyingine, bila malipo. Bodi mojawapo, MB-6582, ilibeba SID nane kwa mpigo.

Chukulia suala la umeme tu. SID ya kwanza, 6581, inataka volti 12. Toleo la baadaye, 8580, linataka volti 9. Ukilipa 12 unaweza kuliua. Hata kapasita za kichujio zinatofautiana. Kwa hiyo mchoraji wa bodi alipaswa kumfikiria mtu asiyemjua, mwenye chipu asiyoijua, anayeshika chuma cha kuchomelea pengine kwa mara ya kwanza.

Wakati huo kuchapisha bodi moja kiwandani kulikuwa ghali kwa sababu gharama ya maandalizi ilikuwa ileile hata ukiagiza mia. Basi watu walichangishana na kuagiza kwa pamoja.

Sasa, SID nane zinatoka wapi? Mara nyingi zilichomolewa kwenye kompyuta za zamani. Yaani kuokoa sauti kulimaanisha kuua mashine iliyozaa sauti hiyo, na wakusanyaji wa Commodore hawakufurahia. Baadaye wapenzi wengine walibuni chipu mbadala zinazoiga SID na kukaa kwenye soketi ileile, na hapo shinikizo likapungua kidogo.

Kama unafanya mradi wako wa mwaka wa mwisho na umechora bodi, usiliache faili life na laptop yako. Liweke hadharani, na uandike wazi volti zake. SID imeendelea kupigwa miaka mingi baada ya Commodore kwa sababu kuna watu walifanya hivyo.